Kabla ya Dole Gumba

Mwaka 2007 watoto kadhaa wa Korogwe walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ingawa hakuna mbwa aliyewauma. Walikuwa na umri wa kati ya miezi 5 na 17. Wenzao, waliopakatwa kwenye mabenchi yale yale, walichomwa kitu kingine: chanjo ya malaria iliyokuwa bado inajaribiwa, ikijulikana kwa herufi tu, RTS,S. Mama hakuambiwa mwanawe kaangukia upande upi, na waliomfuatilia mtoto baadaye, wakimpima homa na kumtoa damu, nao hawakujua. Hapakuwa na hila. Ndivyo utafiti wa namna ile unavyofanyika, ili jicho la anayepima lisivutwe na matumaini yake. Jumla ya watoto 894 waliandikishwa, baadhi Korogwe na wengine Kilifi nchini Kenya, na Desemba 2008 matokeo yakachapishwa katika New England Journal of Medicine. Kwa takriban miezi 8 ya kufuatiliwa, chanjo ya malaria ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 53.

Mimi si mtafiti. Ni muuguzi, nilisomea Korogwe na sasa nafanya kazi Handeni, kilomita zipatazo 65 kwa barabara ya lami. Habari za utafiti ule nimezisoma mara nyingi kuliko kazi yangu inavyodai, na kila mara nasimama mahali ambapo wengine hupita mbio kuzifuata asilimia. Ni pale panapozungumzwa ridhaa: mzazi alitia sahihi, na asiyejua kusoma alitia dole gumba mbele ya shahidi. Basi, jambo limekwisha kwa mstari mmoja. Lakini ndani ya mstari huo kuna mtu aliyeketi na mtu mwingine, akamweleza jambo gumu hadi likaeleweka. Mara nyingi mtu huyo ni muuguzi au msaidizi wa utafiti, na jina lake huliona kwa nadra sana kwenye orodha ya waandishi.

Jaribu mwenyewe. Mbele yako yuko mama wa miaka 20, amemaliza darasa la saba au hakumaliza, na mtoto wake anavuta upindo wa kanga. Unatakiwa umwambie kwamba kuna chanjo mpya. Kwamba haijathibitika kama inakinga. Kwamba mtoto wake anaweza kuipata au asiipate. Kwamba hilo halitaamuliwa na daktari kwa kumtazama mtoto, bali kwa njia inayofanana na kura. Kwamba asipoipata atachanjwa kichaa cha mbwa, maana si haki mtoto atobolewe sindano isiyo na faida yoyote kwake. Kwamba damu itatolewa. Na kwamba anaweza kusema hapana leo, au ndiyo leo na hapana mwezi ujao, na bado atahudumiwa vile vile. Kisha uhakikishe ameelewa. Sijasema amekubali. Hayo ni mambo mawili, na mwanafunzi wa uuguzi huyachanganya kwa urahisi kwa sababu kwetu mgeni mwenye koti jeupe akiuliza "sawa, mama?", jibu la adabu ni "sawa".

Lugha nayo ina mitego yake. Ukisema "majaribio", mama anasikia mwanawe anataka kujaribiwa, na nani anataka hilo? "Utafiti" ni neno la heshima lakini makao yake ni vyuoni. "Ridhaa" tunaijua zaidi kwenye ndoa na mahakamani. Ndiyo maana wauguzi wengi huishia kwenye maneno ya kawaida kabisa: nakuomba ruhusa. Nayapenda maneno hayo, kwa kuwa yanageuza mambo. Anayeomba ni mimi mwenye sindano, na mwenye kitu ni yeye.

Ombi hilo lina umri mdogo sana katika historia ya tiba ya nchi hizi.

Mwaka 1906 Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu kabla, alifika visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria. Malale ilikuwa imefagia watu huko. Koch alitumia atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilipotea kwenye damu, kisha vikarudi, naye akapandisha kipimo cha dawa. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Jambo hilo liliandikwa kama madhara ya dawa, kama vile mtu anavyoandika kwamba mvua imeharibu barabara. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu aliyepofuka alipaswa kuulizwa kwanza. Daftari halikuwa na safu hiyo.

Ni rahisi kuisimulia historia yote kwa mtindo huu, mzungu na sindano yake na Mwafrika aliyeinamisha kichwa. Buba inaharibu simulizi hiyo. Miaka ya 1920, Waingereza walipoanza kuchoma sindano za buba Tanganyika, watu hawakukamatwa. Walikuja wenyewe, kwa makundi, wakitembea mwendo mrefu. Walikuwa wameona vidonda vya jirani vikikauka baada ya sindano, na huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Serikali ilipozidiwa ikaanza kuwafundisha vijana wa vijijini kufunga vidonda na kutoa dawa chache katika zahanati za utawala wa wenyeji. Watu waliwaita madresa. Heshima tunayoiona leo kwa sindano, ile ya mgonjwa kunung'unika kwamba "sijatibiwa, nimepewa vidonge tu", nadhani mizizi yake imo humo. Kwa hiyo watu wetu walijua kuchagua muda mrefu kabla ya fomu. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza pale ambapo tiba haikuwa na hakika.

Sasa njoo karibu na Korogwe. Milima ya Usambara Mashariki ina mahali panaitwa Amani, ambapo Wajerumani walijenga kituo cha utafiti mwaka 1902, kwanza cha mimea na kilimo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipafanya kuwa makao ya utafiti wa malaria kwa Afrika Mashariki nzima. Chini yake, upande wa Muheza, wilaya inayopakana na Korogwe, kuna kijiji cha Mkuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakazi wa Mkuzi walipewa pirimethamini kila mwezi, ili ionekane kama kidonge kinaweza kuizuia malaria katika jamii nzima. Kwa muda mfupi vimelea vikaizoea dawa. Mwaka 1954 David Clyde na mwenzake walichapisha habari za usugu huo, na tangu hapo Mkuzi imeingia katika vitabu vya malaria. Imeingia kama jina la usugu. Waliomeza vidonge hawana jina humo, na dawa iliyodhoofika kwao ilidhoofika pia kwa majirani ambao hawakumeza chochote, kwa sababu mbu hajui mpaka wa utafiti.

Sisemi Clyde alikuwa mtu mbaya. Alikuwa daktari hodari na malaria ilikuwa ikiua watoto kila msimu wa mvua. Nasema kwamba wakati ule nia njema ya daktari ilihesabiwa kuwa ruhusa tosha.

Watu walikuwa na jibu lao kwa hali hiyo, ingawa halikuwa katika lugha ya sheria. Waliliita mumiani. Katika miaka ya ukoloni uvumi ulienea pwani na bara kwamba kuna watu wanaokamata wengine na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Wazima moto walishukiwa, wapima ardhi walishukiwa, na wa hospitali pia. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi wa aina hii Afrika Mashariki na Kati, akakataa kuucheka. Nakubaliana naye. Mtu anayetolewa damu bila kuambiwa inakwenda wapi atajitafutia maelezo, na maelezo atakayopata hayatakuwa ya kumsifu mtoaji. Bibi zetu wa Handeni hawakuwa wajinga walipowaficha watoto gari ngeni lilipoingia kijijini. Walikuwa wanajaza safu ambayo daftari la daktari liliacha wazi.

Na muuguzi alikuwa wapi muda wote huu? Alikuwa ameshika trei.

Uuguzi katika pembe hii ya nchi ulikuja kwa kiasi kikubwa na kanisa. Magila, huko huko Muheza, Askofu Frank Weston wa Kianglikana alianzisha mwaka 1911 shirika la masista, na masista hao na wenzao walifundisha na kuuguza katika misheni za Ubondei na Uzigua. Hospitali ya Kwamkono, hapa kwetu Handeni, ni tawi la mti huo. Kutoka kwao tumerithi mambo mengi mazuri, pamoja na shuka lililonyooshwa hadi pembeni. Tumerithi pia msemo unaorudiwa kila sherehe, kwamba uuguzi ni wito. Sina ugomvi na wito. Ila wito una tabia moja: anayeitwa hutii. Hata kiapo kinachohusishwa na Florence Nightingale, kilichoandikwa Marekani mwaka 1893 na ambacho vizazi vya wauguzi vimekirudia mshumaa mkononi, kilimtaka muuguzi amsaidie daktari kwa uaminifu. Mgonjwa alikuwemo, lakini daktari alikuwa amesimama katikati.

Muuguzi mmoja mstaafu, aliyeanza kazi miaka ya 1960 katika hospitali ambayo sitaitaja, aliniambia jinsi walivyofundishwa. Daktari akiingia wodini, mnasimama. Akitoa amri, mnaandika. Mgonjwa akiuliza anaumwa nini, jibu ni "muulize daktari". Nikamuuliza, na mgonjwa alimuuliza daktari? Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu," akasema, "daktari alikuwa anapita kama basi la Tanga. Usipokuwa umesimama barabarani, limekwenda."

Mabadiliko yaliandikwa mbali, kisha yakatufikia polepole. Mwaka 1947 majaji wa Nuremberg, wakiwahukumu madaktari wa Kinazi, waliweka ridhaa ya hiari ya binadamu kuwa sharti la kwanza la utafiti wowote. Azimio la Helsinki likafuata mwaka 1964. Kwa wauguzi, badiliko ambalo mimi naliona kubwa zaidi ni la mwaka 1973, Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipoandika upya maadili yake: wajibu wa kwanza wa muuguzi ni kwa watu wanaohitaji kuuguzwa. Katika maadili ya 1953 utiifu kwa daktari ulikuwa bado na kiti chake. Miaka 20 tu inatenganisha hati hizo mbili, na yule bibi aliishi kazini upande wa kwanza na upande wa pili bila mtu kumwambia kwamba amevuka.

Tanzania iliunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kwa sheria ya mwaka 1979, na Amani ikawa sehemu yake. Baadaye kamati za maadili zikawa lango la lazima kwa kila utafiti wa afya. Hivyo timu ya Korogwe ya mwaka 2007, ambayo walikuwemo Dk. Martha Lemnge na Dk. John Lusingu, Watanzania wote wawili, ilikuta njia iliyokwisha wekewa vizuizi. Fomu ya ridhaa ilisomwa na kamati kabla haijasomwa na mama. Kutoka Mkuzi hadi pale hospitali ya Magunga, Korogwe, ni mwendo mfupi kwa basi. Kwa historia ilichukua zaidi ya miaka 50.

Sheria inayonihusu mimi moja kwa moja ni ya karibu zaidi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inalipa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania daftari la majina yetu, na anayeshika daftari ndiye anayeweza kulifuta jina. Bila usajili na leseni hai siruhusiwi kumgusa mgonjwa kama muuguzi. Nikienda kinyume na maadili, Baraza linaweza kuniita, kunisikiliza, kunionya, kunisimamisha au kuniondoa. Hilo liko mbali na mwajiri wangu, ambaye ana nidhamu yake. Liko mbali na mahakama, ambako mgonjwa anaweza kudai fidia. Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtaja anayetibu kwa uzembe kiasi cha kuhatarisha uhai. Kosa moja la usiku mmoja linaweza kunifikisha kwenye meza zote hizo. Kitu ambacho sheria haikubali tena ni jibu la kizamani la "daktari aliniambia". Mwalimu wetu alikuwa na namna yake ya kulisema: leseni ina jina lako, haina jina la daktari.

Vijana tuliokuwa darasani tuliyasikia hayo kama vitisho. Leo nayasikia kama cheo. Aliyeshika trei amepewa kinywa.

Lakini kinywa hicho kinahitaji muda wa kuzungumza, na kuna nyakati muda haupo. Kati ya mwaka 2009 na 2011 hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti ulioitwa FEAST. Swali lilikuwa dogo kwa kulitazama. Mtoto anafika na homa kali, mikono ya baridi, mapigo ya haraka na damu isiyozunguka vizuri. Je, apewe maji mengi ya dripu kwa kasi, kama miongozo ya kimataifa ilivyoelekeza, au apewe ya kiasi tu? Watoto 3,141 waliingizwa katika ulinganisho huo mkuu. Mapema mwaka 2011 kamati huru ya usalama ilisimamisha kazi. Katika saa 48 za kwanza walikufa takriban watoto 7 kwa kila 100 ambao hawakupewa maji ya kasi. Kwa waliopewa, walikufa kama 10 au 11. Tiba tuliyofundishwa kuwa inaokoa ilikuwa ikiongeza vifo.

Kwa wauguzi wa wodi za watoto habari hiyo ilikuwa nzito kwa namna ambayo takwimu haisemi. Anayetundika dripu ni sisi. Anayefungua kile kigurudumu kidogo maji yaende kasi ni sisi. Tuliwahi pia kuwakemea mabibi walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Sitasema FEAST iliwapa ushindi mabibi. Degedege na mshtuko wa damu si kitu kimoja, na mtoto wa malaria kali bila sindano ya dawa anakufa kweli. Hata hivyo nimeacha kukemea. Siku hizi namuuliza bibi ameona nini, kisha namweleza ninachotaka kufanya.

Ridhaa katika utafiti ule ilibidi itafutiwe njia. Mama anayemwona mwanawe akigeuza macho hawezi kusomewa kurasa za maelezo, na ukimsomea, mtoto anafia mikononi mwenu wote wawili. Utaratibu uliopitishwa na kamati za maadili uliruhusu, pale isipowezekana kupata maandishi kwanza, mzazi aelezwe kwa ufupi na akubali kwa mdomo, kisha mazungumzo kamili na sahihi vije baadaye, hali ikitulia. Kuna wanaoona huko ni kukwepa. Mimi nimesimama usiku karibu na vitanda vya namna ile, na ninauona utaratibu huo kuwa wa kweli kuliko sahihi iliyochukuliwa kwa mkono unaotetemeka. Kilichonisumbua ni kingine. Miongozo ya zamani, ile iliyotuelekeza kumpa kila mtoto maji ya kasi, haikuwahi kumwomba mzazi yeyote ridhaa. Ilikuwa tiba ya kawaida, na kwa tiba ya kawaida hatuulizi. Waliokuwa ndani ya utafiti, ambao tunawahurumia kwa kujaribiwa, ndio pekee walioambiwa kwamba hatujui.

Chanjo ya Korogwe nayo ilipitia njia hiyo hiyo. Awamu ya tatu ilianza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7, Korogwe kikiwa kimoja, na watoto zaidi ya 15,000. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2015: kwa waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika miaka minne hivi. Palikuwa pia na dalili za kuulizwa: homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vya wasichana vilionekana kuwa vingi zaidi. Ili kupata uhakika, Shirika la Afya Duniani likaanzisha mwaka 2019 utoaji wa majaribio nchini Malawi, Ghana na Kenya, kupitia kliniki za kawaida za watoto. Mara hii hapakuwa na dole gumba. Mama aliyeleta mtoto kliniki alihesabiwa kuwa amekubali. Mwaka 2020 jarida la BMJ lilichapisha malalamiko ya wataalamu walioona kwamba huo ni utafiti, na wazazi walistahili kuambiwa hivyo. Shirika likajibu kuwa ni utoaji wa chanjo ndani ya mpango wa nchi, wenye kufuatiliwa. Baadaye dalili zile za hatari hazikuonekana tena, vifo vya watoto vikapungua, na Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa rasmi.

Mwisho mwema, basi. Nami nafurahi, maana najua wodi ya watoto ilivyo mwezi wa Mei. Lakini mwisho mwema haujibu kama mtu aliulizwa. Mkuzi nako walitaka mwisho mwema.

Ninapofanya kazi mimi hakuna utafiti. Hakuna kamati inayosoma maneno yangu kabla sijamwambia mama. Ni kituo cha kawaida cha Handeni: foleni inayoanza kabla ya jua, mzani wa kuning'iniza, madaftari mengi, na siku nyingine muuguzi mmoja kwa kila kitu. Mama yule yule aliyesomewa kurasa kadhaa Korogwe kuhusu chanjo ya mwanawe, akiolewa huku akaja kujifungua, anaweza kuongezewa njia, kutolewa damu, kuchomwa sindano tatu na kupelekwa chumba cha upasuaji bila mtu kumtajia jina la dawa hata moja. Kwa upasuaji atatafutwa mumewe atie sahihi, hata kama yeye ni mtu mzima, ana akili timamu na amelala pale pale akitusikiliza. Sheria haisemi mwili wake ni wa mume. Mazoea ndiyo yanayosema, na mazoea hayana leseni ya kufutwa.

Upande wa VVU angalau sheria imeandikwa kwa wino mzito. Ile ya mwaka 2008 inakataza kumpima mtu kwa lazima isipokuwa katika hali chache ilizozitaja yenyewe, na inaifanya siri ya majibu kuwa wajibu wa kisheria. Hilo halimzuii mwanamume kuja dirishani akisema, "Nesi, mke wangu nyote mnamjua hapa, kapimwa nini?" Wala halimzuii mama mkwe. Katika mji mdogo ambako muuguzi anasali na mgonjwa na kununua mihogo kwa dada yake, kunyamaza ni kazi ya kila siku. Nimeitwa mwenye maringo kwa sababu ya siri za watu ambazo hata wao hawajui kwamba ninazitunza.

Juzi hapa kliniki, nilimweleza mama mmoja anayenyonyesha kwamba huwa tunapima tena VVU katika kipindi hiki, hata kama wakati wa ujauzito alipimwa akawa salama. Nikamweleza kwa nini. Nikamwambia damu ni tone moja la kidoleni, majibu ni yake, na anaweza kukataa. Akatazama foleni nyuma yake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikikataa, mtoto hatapimwa uzito?"

Nikamwambia atapimwa. Akafikiri. Akasema leo hapana, atarudi Alhamisi, anataka kuzungumza nyumbani kwanza. Nikaandika kwenye daftari, tukamfungua mtoto kanga, tukamning'iniza kwenye mzani. Kilo 7 na nusu.